Mbingu ya Got Randiga

Inspekta Jerusha Nchagwa alirudi kituoni Ndhiwa Jumatatu asubuhi akiwa na matope hadi magotini. Mtu wa kwanza aliyemwona alikuwa Mama Bathsheba, ameketi kwenye benchi lile lile alilolikalia jana na juzi. Hakuwa amebadilisha nguo. Mapajani alishika sweta ya bintiye, akiikunja na kuikunjua.

"Mmemwona?"

"Bado, Mama."

"Leo itanyesha tena. Angalia huko."

Jerusha hakuhitaji kuangalia. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshajipanga.

Binti wa Mama Bathsheba, Dolphine Bogonko, alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya upili nje ya mji. Tangu Ijumaa jioni hakuna aliyemwona. Siku hiyo aliondoka nyumbani akiwa nyuma ya pikipiki ya naibu mwalimu mkuu, Bwana Mosoti, na mkoba wa darubini mgongoni. Wote wawili walikuwa wa klabu ndogo ya watu wanaopenda kutazama nyota, watu ambao mvua ikiacha na mwezi ukikosa kutoka, hutafuta mahali penye giza na kukesha huko.

Maelezo ya Mosoti yalikuwa mafupi na hayakubadilika. Alimfikisha Dolphine Got Randiga, kilima ambacho klabu ilizoea kukipanda. Wakatazama nyota hadi saa tatu usiku. Kisha yeye akarudi nyumbani, kwa kuwa ni mzee wa kanisa la Waadventista na Sabato ilikuwa imeshaingia. Dolphine alibaki, akasema atalala kwa mwalimu mwenzake anayekaa chini ya kilima. Huko hakufika.

Basi kwa siku mbili nusu ya lokesheni ilikuwa imekipekua kilima hicho kichaka kwa kichaka. Walichopata ni chupa ya chai ya Dolphine, ile ya kuhifadhi joto, yenye jina lake kwa rangi ya kucha. Ilikuwa ndani ya kibanda cha mchoma makaa aitwaye Ken. Sasa Ken alikuwa seli, na nje ya lango kulikuwa na watu waliotaka atolewe wamshughulikie wenyewe.

Mkuu wa kituo, Omanga, alimwita Jerusha ofisini na kufunga dirisha ili kupunguza kelele.

"Saa sita naondoa watu kilimani," alisema. "Nahitaji maafisa hapa langoni. Huyo kijana tumempata na chupa ya marehemu, inatosha kumpeleka kortini."

"Hatuna marehemu, Afande."

"Siku ya tatu hii, Nchagwa."

"Mbwa wa polisi aliletwa jana asubuhi. Tulimpa sweta ya Dolphine anuse. Akazunguka kile kilima chote na hakushika harufu hata mara moja."

"Mvua imeosha."

"Mvua ilinyesha jana jioni. Mbwa alikuwa amesharudi Homa Bay."

Omanga alifikicha macho. Hakuwa mtu mbaya, lakini tangu Jumamosi alikuwa hajalala, na simu za wakubwa zilikuwa hazimpi nafasi. "Ukitaka kuniletea kitu, kilete kabla ya saa sita."

Jerusha alipitia seli kwanza. Ken alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, jicho moja limevimba kwa kipigo cha wanakijiji waliomkamata.

"Chupa uliitoa wapi?"

"Nimesema mara mingi, Madam. Niliokota juu."

"Lini?"

"Wakati wa jua kali. Kabla watu hawajapanda mahindi. Walikuja wengi na magari, nikadhani ni watu wa pombe, lakini pombe hawakuwa nayo. Walikuwa wanaangalia tu juu. Walipoenda nikapanda nikaokota."

"Na Ijumaa iliyopita?"

"Ijumaa hakukuja mtu. Mimi nalala pale na makaa yangu. Pikipiki ikipanda ile njia, lazima nisikie."

Maneno hayo yalikuwa yameandikwa tangu Jumamosi katika maelezo yake, na hakuna aliyeyatilia maanani. Jerusha mwenyewe aliyaruka alipoyasoma. Sasa alisimama mbele ya vyuma akiyafikiria, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Linet alikuwa na studio ya picha mkabala na soko. Alikuwa mwanachama wa klabu tangu ilipoanzishwa, na siku hizo alifanya kazi na mtoto mchanga amelala kwenye kikapu kando ya mashine ya kuchapisha. Alipomwona Jerusha mlangoni uso ulimbadilika.

"Mmempata?"

"Hapana. Nataka unionyeshe ile picha."

Picha hiyo Mosoti aliituma kwenye kundi la klabu Jumamosi mchana, pamoja na maneno: *Dolphine aliipiga jana usiku Got Randiga. Tumwombee.* Wanachama waliisambaza kila mahali. Ndiyo iliyowafanya watu wote wakimbilie kilima kile, kwa kuwa kulia mwa picha ulionekana mwamba wa Got Randiga uliopasuka katikati, ambao kila mtoto wa Ndhiwa anaujua.

"Inaweza kuonyesha ilipigwa lini?" Jerusha aliuliza.

"Ikishatumwa kwa simu, tarehe inapotea. Na kamera alikuwa nayo Dolphine." Linet aliifungua kwenye kompyuta. "Lakini mimi niliiangalia vizuri, Madam. Nyota ziko sawa. Hawa wawili hapa ni Mapacha, wanazama magharibi. Huyu juu ni Simba. Ijumaa saa tatu nilitoka nje na mtoto nikaangalia, mbingu ilikuwa hivi hivi. Mtu hawezi kudanganya nyota."

Jerusha alivuta kiti. "Ikuze huku chini. Hapa kwenye ukingo."

Linet akakuza. Chini ya Mapacha, pale mbingu inapokutana na weusi wa ardhi, kulikuwa na safu ya nukta nyeupe.

"Hizo ni taa tu," Linet alisema. "Mji fulani. Mbita labda, au Karungu. Taa za miji zinatuharibia sana."

"Taa za mji hukaa namna hiyo?"

Linet alisogeza uso karibu na kioo. "La," akasema taratibu. "Mji kwa mbali ni kama moshi mweupe unaopanda. Hizi zimeachana. Moja, moja, moja."

"Na zimelala sawasawa, kama zimepangwa juu ya meza."

"Eeh."

Zamani, alipokuwa konstebo, Jerusha alifanya kazi katika kituo cha ufuoni. Usiku wa giza alikuwa akitazama taa hizo zikitapakaa majini hadi upeo wa macho, kila mtumbwi na taa yake, wavuvi wakiwavuta omena, wale dagaa wadogo, wajae mwangani kisha watupe wavu. Mgeni angedhani kuna jiji huko.

"Hizi ni taa za omena," alisema. "Ziko juu ya maji."

"Basi ndiyo. Wavuvi wa omena wanataka usiku usio na mwezi, na sisi pia. Ndiyo sababu hatuendi ufuoni."

"Linet. Huu ni mwezi gani?"

"Wa tano."

Linet alibaki na mkono juu ya kipanya. Kila mtu wa pande zile anajua kwamba kuanzia mwezi wa nne hadi wa saba, ziwa hufungwa kwa omena ili wazaane. Sokoni hapo nje, akina mama walikuwa wakiuza omena wa zamani waliovunjikavunjika, na kwa bei ya kuudhi.

Jerusha alikuwa ameshapiga simu. Afisa wa uvuvi aliyemjua, Nyakundi, alipokea akiwa ndani ya boti, upepo ulisikika.

"Bwana Nyakundi, Ijumaa usiku kulikuwa na mitumbwi ya omena upande wa Karungu?"

"Ijumaa tulikuwa doria hadi alfajiri. Hakuna."

"Hata wezi?"

"Wezi wapo, dadangu, lakini mwizi hawashi taa. Akiwasha tunamwona. Mbona?"

"Hata safu ya taa nyingi haingewezekana?"

"Safu? Mwezi huu? Ningekuwa nimeshafutwa kazi."

Jerusha alikata simu. Linet alikuwa ameshika kichwa.

"Picha ni ya zamani," Jerusha alisema. "Sasa niambie, nyota zinakuwaje sawa?"

Linet alifikiri, na alipopata jibu alilitoa kama mtu anayetapika. "Nyota hutangulia kidogo kila usiku. Kwa hivyo mbingu ya saa saba usiku mwezi wa tatu, ndiyo hiyo hiyo mbingu ya saa tatu usiku mwezi wa tano. Klabu ilikesha Got Randiga mwezi wa tatu. Mimi sikwenda, nilikuwa nimejifungua."

"Na Dolphine alisahau kitu siku hiyo?"

"Chupa yake ya chai. Alinung'unika mwezi mzima."

Basi Ken alikuwa amesema kweli, na kwa siku mbili watu mia na zaidi walikuwa wakimtafuta Dolphine mahali ambapo hakukanyaga.

"Aliyechagua picha hii," Jerusha aliuliza, "alipaswa kujua hesabu hiyo ya nyota. Ni nani katika klabu anaijua?"

"Mimi. Dolphine." Linet alimwangalia mtoto kwenye kikapu. "Na Mwalimu Mosoti. Ndiye aliyetufundisha."

"Kama si Got Randiga, wangeenda wapi?"

"Kile kilima tulishakiacha. Tangu soko liwekewe mulika mwizi, ule mlingoti wa taa, upande mzima wa mashariki umekuwa kama alfajiri. Mwalimu akasema ametupatia mahali pengine kusini, giza kama la zamani. Alikuwa anataka wageni kutoka Nairobi waje, na wanafunzi wa shule yake wangetangulia wiki ijayo. Alisema ameikagua ardhi yote kwa miguu yake, ni salama."

"Kusini wapi?"

"Hakututajia. Alitaka kutushangaza."

*

Mosoti alikuwa Got Randiga. Jerusha alimkuta chini ya kilima, amevaa buti za mpira, filimbi shingoni, akiwaongoza watafutaji katika sala kabla hawajapanda tena. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kuita jina la Dolphine. Jerusha alisubiri amina ipite.

"Mwalimu, njoo kwenye gari tuongee."

"Kuna habari?"

"Njoo tu."

Dereva alishuka akasimama nje. Jerusha na Mosoti walikaa kiti cha nyuma, milango imefungwa. Alikuwa mtu mnene kiasi, msafi, mwenye miwani aliyoifuta kila mara hata ilipokuwa haina kitu.

"Nisaidie tena na Ijumaa," Jerusha alisema. "Dolphine alipiga picha saa ngapi?"

"Karibu saa tatu. Kabla sijaondoka."

"Ikaingiaje kwenye simu yako?"

"Kamera yake inaweza kutuma. Alinitumia pale pale."

"Uliona taa ziwani?"

Mosoti alisita. "Sikuangalia sana chini. Sisi huangalia juu."

"Picha ina taa. Safu ndefu."

"Basi zilikuwapo."

"Taa za nini?"

"Wavuvi, nadhani. Wa omena."

Jerusha alimwacha alisikie jibu lake mwenyewe. Mosoti alivua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya shati. Ilichukua muda, kisha mkono ukasimama.

"Labda ni taa za Mbita," alisema.

"Umeshaniambia ni omena."

"Nimechoka, Inspekta. Sijalala tangu Jumamosi. Naweza kuchanganya."

"Umechanganya mwezi wa tatu na wa tano. Nyota ulizichagua vizuri, Linet amekusifu. Ziwa ulilisahau."

"Mimi sijui unasema nini."

"Mwalimu, sikiliza. Sina haja na kesi saa hii. Ona lile wingu." Alionyesha dirishani. "Watu wote hawa wamekuja hapa kwa sababu yako. Mama yake yuko kwenye benchi kituoni. Kuna kijana seli ambaye leo jioni anaweza kuchomwa moto kwa sababu yako. Yuko wapi?"

Mosoti alitazama buti zake.

"Una binti shuleni pale pale," Jerusha alisema. "Wiki ijayo angepanda basi na wenzake kwenda mahali hapo penye giza. Yuko wapi Dolphine?"

"Amekufa," Mosoti alisema.

"Wapi?"

"Nyatike. Kuna machimbo ya dhahabu yaliyoachwa. Ardhi ni ya shemeji ya rafiki yangu."

"Mashimo yako wazi?"

"Mengine yamefunikwa na nyasi." Alianza kulia bila sauti, machozi yakishuka tu. "Niliyajua. Mwenye shamba alinionyesha. Nikasema tutaweka kamba kuzunguka, tutaweka vijiti vyeupe. Mahali pengine hakuna, Inspekta. Wewe hujui. Kila mwaka taa zinaongezeka, Rangwe, Rodi, hapa. Pale ndipo pamebaki. Ukisimama pale unaona kivuli chako kwa mwanga wa nyota peke yake."

"Endelea."

"Dolphine akaona shimo moja tukiwa tunafunga darubini. Akauliza, yako mangapi? Nikamwambia hilo tu. Akasema nimemdanganya, nimewadanganya wazazi, Jumatatu atamwambia mwalimu mkuu. Akataka tochi aende barabarani atafute pikipiki. Nikamnyima."

"Mbona?"

"Nilitaka atulie. Sisi hatuwashi tochi nyeupe, macho yanapoteza giza. Tunafunika kwa karatasi nyekundu. Nilimwambia, tulia, macho yako yatazoea. Akaondoka hivyo hivyo, kwa hasira, anatembea haraka." Alimeza mate. "Nikasikia nyasi. Halafu nikasikia kishindo chini."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwita. Nikamulika, sikuona mwisho. Nilimwita sana, Inspekta, naapa. Hakuitika. Nikajua amekufa. Nikaenda nyumbani."

Jerusha alifungua mlango na kumwita dereva. Kisha akamfunga Mosoti pingu mbele ya watu aliokuwa akiwaongoza katika sala.

*

Kwa simu, Omanga hakubishana. Aliuliza jina la mahali, akasema ataomba gari la wagonjwa kutoka Migori, na kabla hajakata alisema, "Nchagwa, mama yake nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu, Afande."

Walishika barabara ya Karungu, kisha wakakata kuingia Nyatike. Lami iliisha. Gari lilirukaruka juu ya mawe, na matone ya kwanza yakagonga kioo kisha yakaacha. Mosoti alikaa kati ya konstebo wawili akielekeza kwa kidevu: kushoto hapo, pita lile lambo, simama.

Mahali penyewe palikuwa uwanda wa nyasi zilizofika kiunoni, bila nyumba wala nguzo ya umeme pande zote. Jerusha alielewa papo hapo kwa nini mtu mwenye darubini angepapenda. Akaelewa pia kwamba wangehitaji watu wanaopajua. Kilomita chache nyuma walikuwa wamewapita wachimbaji waliokuwa bado wakifanya kazi. Dereva alirudi akawachukua. Walikuja watatu na kamba nene na winchi ya mkono, mkubwa wao mtu mfupi aitwaye Wasonga.

"Mtu amekaa humo tangu Ijumaa?" Wasonga aliuliza.

"Ijumaa usiku."

Wasonga alimtazama Mosoti kwenye gari, akatema mate kando. "Hili shimo lina maji chini. Jana imenyesha. Wacha tuone."

Pale Mosoti alipoelekeza, nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, na katikati yake palikuwa na mdomo wa shimo usiozidi upana wa mlango. Jerusha alilala kifudifudi. Hewa iliyopanda ilikuwa baridi na ilinuka udongo. Alimulika tochi. Kuta zilishuka, zikajipinda kidogo, na chini kabisa mwanga ulirudi ukitetemeka. Maji.

"Dolphine."

Kimya.

"Dolphine Bogonko. Mimi ni polisi. Mama yako amenituma."

Hakukuwa na kitu. Nyuma yake konstebo mmoja alishusha pumzi na kuvua kofia. Jerusha alifumba macho. Alikuwa ameshaanza kupanga maneno atakayomwambia mama yule kwenye benchi, na hakuna hata moja lililofaa, wakati Wasonga alipomshika bega.

"Nyamaza," alisema. "Nyamazeni wote."

Kutoka chini kulisikika mlio mdogo. Jiwe juu ya jiwe. Ukaacha, kisha ukarudi.

"Huyo ni mtu," Wasonga alisema.

Hawakungoja gari la wagonjwa. Wasonga alijifunga kamba mwenyewe, akavuta pumzi na kushuka, wenzake wakiizungusha winchi kwa kuachia kidogo kidogo. Mawingu yalikuwa yamefika juu yao sasa, na uwanda wote ulikuwa umetiwa kivuli. Jerusha alishika kamba pamoja na wengine ingawa hakuhitajika. Udongo ulimeguka pembeni na kuporomoka ndani. Sauti ya Wasonga ikapanda ikiwakemea wasogee nyuma. Kisha ikabaki ikisikika kwa mbali, ikirudia kwa upole neno la Kijaluo lenye maana ya taratibu, kama anayemtuliza mtoto: "Mos, mos. Mos."

Kamba ilipovutwa mara mbili, walizungusha winchi.

Dolphine alitoka akiwa amefungwa kifuani mwa Wasonga, kichwa kimelala begani pake. Alikuwa na rangi ya udongo kutoka nywele hadi miguu, midomo imepasuka, mguu wa kushoto umegeuka vibaya chini ya goti. Walimlaza juu ya koti la Jerusha. Alifumba macho kwa ajili ya mwanga, na Jerusha akayafunika kwa kiganja.

"Nilikuwa nakunywa ukuta," Dolphine alisema. Sauti ilikuwa kama karatasi. "Maji yanateremka ukutani."

"Usiongee. Gari la hospitali linakuja."

"Jana yalianza kupanda. Yalifika hapa." Alijaribu kuinua mkono hadi shingoni, haukufika.

"Sasa umetoka. Mwalimu Mosoti ametuonyesha mahali."

Chini ya kiganja, Jerusha alihisi kope zikifunguka.

"Mwalimu yuko hapa?"

"Yuko garini. Alisema alikuita Ijumaa, hukuitika. Alidhani umekufa."

Dolphine alilamba midomo yake iliyopasuka.

"Ijumaa sijui," alisema. "Labda nilikuwa nimepoteza fahamu. Lakini alirudi."

"Alirudi lini?"

"Jumamosi asubuhi. Kulikuwa kumekucha. Niliona kichwa chake pale juu, nikamwambia mguu umevunjika. Akaniuliza kama nimepiga simu kwa mtu yeyote. Nikamwambia simu imevunjika." Alipumzika. "Akasema ningoje, anaenda kuleta kamba."

"Halafu?"

"Nikangoja."

Wasonga, aliyekuwa akijifungua kamba, aliacha mikono ikining'inia. Kwa mbali ving'ora vya gari la wagonjwa vilianza kusikika, vikipotea na kurudi kufuatana na mabonde ya njia.

Jerusha alibaki amepiga magoti mpaka walipomweka Dolphine kwenye machela na kumfungia milango ya gari la wagonjwa. Alimpigia Omanga, akamwambia amweke Mama Bathsheba kwenye gari na kumpeleka hospitali Migori, na amwambie bintiye yuko hai na anaongea. Akamwambia pia amfungulie Ken, lakini amtoe kwa mlango wa nyuma. Baada ya hapo alitembea hadi kwenye gari la polisi.

Mosoti alikuwa ameona machela ikipita. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Mungu ni mwema," alisema. "Mungu ni mwema sana. Mimi nilijua, Inspekta, ndani ya moyo wangu nili—" Aliona namna alivyokuwa akitazamwa, akaacha. "Amesema nini?"

"Amesema alikuwa anangoja kamba."

Mosoti aliwatazama konstebo wa kulia na wa kushoto, kana kwamba mmoja wao angeweza kumsaidia, kisha akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa pingu. Mvua ilianza kunyesha kwa nguvu. Jerusha aliufunga mlango na kusimama nje hapo hapo, akilowa, akisikia maji yakitiririka kati ya nyasi na kuanguka ndani ya shimo.